Nyumba chakavu, faida nyembamba: majibu kwa wasomaji

Barua nyingi zilizotufikia mara hii zina shina moja. Mtu amenunua, au yuko mbioni kununua, nyumba iliyochoka ili aitengeneze na kuiuza kwa faida, na hesabu imeanza kumgeuka. Tumechagua nane. Majina tumeyaacha.

SWALI: Nimepata nyumba ambayo dalali anaapa ni ya bei ya kutupa. Nikijumlisha bei ya kununulia na makadirio ya matengenezo, bado nipo chini sana ya bei ya kuuzia. Mbona wazoefu wananiambia nitaumia?

JIBU: Kwa sababu hesabu yako ina mistari miwili, na inatakiwa iwe na sita. Anza mwisho, urudi nyuma. Tafuta kwanza bei halisi ya kuuzia: nyumba tatu hadi sita za mtaa huohuo, zenye ukubwa na vyumba vinavyokaribiana na hiyo, zilizokwisha kuuzwa ndani ya miezi sita iliyopita. Zilizouzwa, si zilizotangazwa. Bei ya kwenye tangazo ni matumaini ya mwenye nyumba tu.

Bei hiyo tuiite 100. Toa gharama za kuuza (dalali, mwanasheria, ada), tuseme 6. Toa gharama za kununua na kuhamisha umiliki, 3. Toa gharama za kuishikilia nyumba kwa miezi minane: riba, bima, mlinzi, umeme, kodi ya jengo, tuseme 7. Matengenezo umeyakadiria 25. Ongeza akiba ya asilimia 15 kwa yasiyoonekana, yanafika 29. Faida unayoitaka ni 15. Kinachobaki ni 40, na hiyo ndiyo bei yako ya mwisho ya kununulia. Ukiambiwa 50, faida imeshaondoka kabla hujashika nyundo.

Wawekezaji wana njia ya mkato: usinunue kwa zaidi ya asilimia 70 ya bei ya kuuzia, ukitoa matengenezo. Kwa mfano wetu ni 70 kutoa 29, yaani 41. Njia hiyo inafaa kuchuja nyumba kumi zibaki mbili. Kusaini mkataba kwa kuitegemea peke yake ni kamari, kwa sababu ile 30 iliyobaki inabeba riba, ada na faida yako vyote kwa pamoja, na riba hazifanani.

Angalia pia jinsi faida ilivyo nyembamba. Kazi ikichelewa miezi minne, unapoteza kama 3.5, karibu robo ya faida yote. Mnunuzi akikupunguzia 5 tu kwenye bei, theluthi imekwenda. Ndiyo maana tunasisitiza bei ya kununulia: kitu pekee katika hesabu hii unachoweza kukikataa bila kulipa chochote ni nyumba yenyewe.

SWALI: Ukuta wa sebule umelowa kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno. Rangi inabanduka na kuna unga mweupe. Fundi anashauri tukwangue, tupige rangi ya mafuta, tuuze. Itashika?

JIBU: Itashika hadi mnunuzi aje na mkaguzi wake. Rangi ya mafuta huziba uso wa ukuta, maji yakakosa pa kutokea. Ama yanapanda juu zaidi, ama yanaisukuma rangi ivimbe malengelenge. Unga huo mweupe ni chumvi iliyoletwa na maji kutoka ardhini au kwenye matofali. Maji yamekauka usoni, chumvi imebaki.

Kabla ya kutibu, jua maji yanatoka wapi. Vyanzo ni vinne na kila kimoja kina dawa yake, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea kwa kutibu kisichoumwa.

Kwanza, fukuto la ndani. Kata karatasi ya nailoni yenye upana wa nusu mita kila upande, ibandike ukutani kwa gundi ya utepe pande zote nne, uiache siku moja hadi mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa hewa unaogandia ukuta baridi. Tatizo ni uingizaji hewa. Yakiwa kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani. Pili, bomba. Funga mabomba yote, soma mita, usitumie maji saa mbili, soma tena. Mita ikisogea, kuna pa kuvuja. Tatu, mvua: tazama mifereji ya paa, nyufa za nje, na hasa kimo cha udongo. Udongo wa nje unatakiwa uwe angalau sentimita 15 chini ya ile karatasi nyeusi iliyolazwa juu ya msingi kuzuia unyevu. Mara nyingi mtu alijenga baraza au bustani miaka ya nyuma, akauzika ukuta kwa udongo, na nyumba nzima ikaanza kunywa maji.

Ukiondoa hayo matatu, unabaki na unyevu unaopanda kutoka ardhini kwa sababu ile karatasi haipo au imechakaa. Dalili yake ni mstari wa chumvi ulionyooka, kwa kawaida usiozidi kama mita moja kutoka sakafuni. Dawa inayotumika sana ni kutoboa matundu ya milimita 12 kwenye mstari wa chini wa saruji inayounganisha matofali, kila baada ya sentimita 10 hadi 12, na kujaza krimu ya kuzuia maji. Halafu plasta yote iliyolowa chumvi inabomolewa hadi sentimita 30 juu ya mstari wa chumvi. Plasta ya zamani ukiiacha, chumvi yake itaendelea kunyonya unyevu wa hewani na doa litarudi hata kama ukuta umepona. Usipige plasta ya jipsamu sehemu hiyo; tumia ya chokaa au ile iliyotengenezwa kwa kuta zenye chumvi.

Sasa jambo ambalo fundi wako hakulitaja: muda. Kanuni ya makadirio ni kwamba ukuta hukauka kama milimita 25 za unene kwa mwezi. Ukuta wa milimita 230 unaweza kuchukua miezi tisa. Nyumba ya kuuza haina miezi tisa. Kwa hiyo kazi ya unyevu inaanza wiki ya kwanza baada ya kukabidhiwa funguo, kabla ya paa, kabla ya jikoni, na plasta ya eneo hilo inapigwa mwisho kabisa. Pale ambapo haitakauka kwa wakati, muonyeshe mnunuzi hati ya kazi na dhamana ya fundi. Anayeambiwa ukweli hupunguza bei kidogo; anayegundua mwenyewe huondoka.

SWALI: Nyumba ina nyufa nyingi. Nitajuaje zipi za kuziba na zipi za kukimbia?

JIBU: Pima upana kabla ya kuogopa urefu. Ufa usiofika milimita 1, uliotawanyika kama utando, kwa kawaida ni plasta iliyosinyaa ilipokauka haraka. Hadi milimita 5 unafunguliwa kwa patasi, unajazwa, kazi imeisha, mradi hauongezeki. Ukizidi milimita 5 na milango karibu yake imeanza kukwama, mwite mhandisi wa majengo kabla ya kulipa hata arubuni.

Umbo nalo linasema. Ufa unaopanda ngazi kwa ngazi kufuata matofali kutoka kona ya dirisha, mpana juu na mwembamba chini, mara nyingi unaonyesha pembe ya nyumba inazama. Ufa ulionyooka chini ya slabu, wenye doa la kutu, ni nondo inayooza ndani. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, ndipo zege linapopasuka na kumeguka. Huo wa pili ni ghali kuliko unavyoonekana, kwa sababu zege lote bovu lazima libomolewe hadi nyuma ya nondo, chuma kisafishwe au kiongezwe, ndipo lijazwe upya. Kuupaka saruji juu ni kuuficha tu.

Kuhusu msingi unaozama, usikimbilie kuuchimbua. Fuata maji kwanza. Bomba la maji machafu lililopasuka, chemba inayovuja, au mfereji wa paa unaomwaga mguuni pa ukuta huosha au hulainisha udongo chini ya msingi. Mti mkubwa kwenye udongo wa mfinyanzi hufanya kinyume chake: hunyonya maji, udongo unasinyaa. Mara nyingi ukirekebisha bomba pembe inatulia, na gharama inakuwa sehemu ndogo ya ile ya kuongeza msingi. Weka alama mbili za penseli kila upande wa ufa, andika tarehe na umbali, pima kila baada ya wiki mbili. Tatizo ni kwamba jibu la uhakika linahitaji kupita majira ya mvua na ya kiangazi. Usipokuwa na muda huo, usinunue nyumba yenye ufa unaotembea.

SWALI: Nyaya za umeme ni za zamani lakini taa zinawaka vizuri. Naweza kubadilisha soketi na swichi tu ili ionekane mpya?

JIBU: Hapana. Soketi mpya ya matundu matatu iliyofungwa kwenye waya wenye nyuzi mbili ni uongo wa hatari: mtumiaji anaamini kuna waya wa ethi, ule unaopeleka umeme ardhini, na haupo. Siku mashine ya kufulia itakapovujisha umeme kwenye bati lake, njia ya kwenda ardhini itakuwa mwili wa mtu.

Fungua boksi mbili tatu na utazame. Waya wenye mpira unaomeguka ukiukunja, nyuzi mbili bila ethi, viungo vilivyosokotwa na kufungwa gundi ya utepe, au sakiti breka ya ampea 32 inayolinda waya mwembamba wa taa: kimoja tu kati ya hivyo kinatosha kuamua kuvuta upya. Hicho cha mwisho ndicho kibaya zaidi, maana waya utaungua kabla breka haijakata. Kwenye mifumo ya volti 230, sakiti za taa huvutwa kwa waya wa 1.5 mm², soketi 2.5 mm², na jiko au hita ya kuogea ya papo kwa papo kwa kawaida hudai 6 mm². Hita ya kilowati 7 pekee inavuta ampea 30. Weka swichi ya kukata umeme unapovuja, ile ya miliampea 30 (30 mA) yenye kitufe cha majaribio.

Fundi akimaliza, mdai vipimo kwa maandishi, si neno la mdomo kwamba taa zinawaka. Kipimo cha uzima wa plastiki ya waya hufanywa kwa volti 500, na kisipungue megaomu 1. Na haya yote yafanyike kabla ya plasta mpya. Mifereji ya waya ikichimbwa kwenye ukuta uliokwisha kulainishwa, unalipia ukuta mara mbili.

SWALI: Bafu la juu tumeweka vigae vizuri. Wiki tatu baadaye dari ya chini ina doa la maji. Fundi anasema tuongeze grauti, ile saruji ya kuziba nafasi kati ya vigae.

JIBU: Grauti haizuii maji, na vigae havizuii pia, vinayapunguza tu. Kinachozuia ni tabaka lililopakwa chini ya vigae, na swali la kumuuliza fundi ni kama alilipaka.

Lakini usibomoe kwanza. Tafuta kwa mpangilio. Bafu lisitumike siku mbili, maji yakiwa bado yamefunguliwa. Doa likiendelea kulowa, ni bomba la maji safi, kwa kuwa hilo lina shinikizo muda wote. Likikauka, mwaga ndoo moja kwa moja ndani ya bomba la kutolea maji kwa kutumia mpira, sakafu isiguswe. Likivuja, kosa liko kwenye kiungo cha bomba hilo. Lisipovuja, ziba tundu, jaza sentimita mbili za maji sakafuni, subiri hadi siku nzima. Mwisho nyunyizia ukuta. Kila hatua inakuondolea sehemu moja, na unaweza kujikuta unabomoa vigae vinne badala ya mia moja.

Ikiwa ni sakafu, kurudia ni lazima. Mteremko uwe sentimita 1.5 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu. Pembe zote zipate utepe wake. Dawa ya kuzuia maji ipakwe mara mbili, ya pili ikikata ya kwanza msalaba, ipande ukutani angalau sentimita 15 kuzunguka, na sehemu ya kuogea ifike mita 1.8 au zaidi. Ikikauka, ziba tundu, jaza maji, iache saa 24. Dari ya chini ikibaki kavu, ndipo vigae viingie. Jaribio hili la siku moja ndilo linalorukwa mara nyingi zaidi kuliko yote, na hatuelewi kwa nini. Linagharimu maji tu.

SWALI: Nimempa fundi nusu ya fedha, ameweka mlango mmoja na sasa hapokei simu. Nifanye nini na anayefuata?

JIBU: Piga picha za kila kilichofanyika kwa tarehe, tuma taarifa ya maandishi yenye siku ya mwisho ya kurudi, kisha ndipo umlete mwingine. Asipewe nusu. Lipa kwa hatua zinazoonekana kwa macho: mabomba yamejaribiwa kwa shinikizo, lipa, plasta imekamilika vyumba vyote, lipa. Zuia asilimia 5 hadi 10 mpaka kasoro za mwisho zirekebishwe. Nyongeza yoyote ya kazi iandikwe na bei yake kabla haijaanza, hata ikiwa ni kuhamisha soketi moja.

Vifaa nunua mwenyewe, na hesabu mwenyewe. Lita moja ya rangi hufunika kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, yaani ikipakwa mara moja, kwenye ukuta laini. Chumba cha mita 4 kwa 3 chenye kimo cha 2.7 kina kuta za mita 37.8 za mraba. Ukiondoa mlango na dirisha zinabaki kama 34, na kwa mikono miwili unahitaji lita 7. Akikuagiza 20, muulize. Vigae ongeza asilimia 10 kwa kukatika, 15 vikilazwa kimshazari, na maboksi yote yawe na namba moja ya uzalishaji, la sivyo rangi zitapishana katikati ya sebule. Plasta mpya ya saruji ipe kama wiki nne kabla ya rangi. Akikuambia siku tano zinatosha, ndiye huyohuyo ambaye hatapokea simu.

SWALI: Paa lina bati za saruji za zamani sana, zenye mawimbi. Tunaambiwa huenda zina asbestosi. Tuzioshe kwa mashine ya shinikizo na kuzipaka rangi?

JIBU: Msizioshe, msizikate, msizitoboe. Nyuzi za asbestosi zikiruka hewani na kuvutwa mapafuni husababisha saratani ambayo inaweza kujitokeza miongo kadhaa baadaye, na maji ya shinikizo huzing'oa na kuzitawanya. Kipande kipimwe maabara. Zikithibitika na zikiwa nzima, sheria za nchi nyingi huruhusu zibaki, mwambieni mnunuzi. Zikiwa zimemeguka, ziondolewe na watu wenye leseni: zinaloweshwa, zinafunguliwa nzima nzima, zinafungwa nailoni mara mbili na kupelekwa jalala lililoruhusiwa. Gharama hiyo ni ya kutolewa kwenye bei ya kununulia. Ikigunduliwa baada ya mkataba, ni yako.

SWALI: Nyumba imekamilika miezi mitatu, jiko ni la kifahari, lakini hakuna anayefikia bei. Mmoja alikubali, kisha mwanasheria wake akasema chumba cha nyuma hakina kibali.

JIBU: Una matatizo mawili, na la kibali ndilo la haraka. Mwenye nyumba wa zamani aliongeza chumba bila ruhusa, nawe ukakinunua pamoja na kosa lake. Ulizia halmashauri kama kinaweza kurasimishwa. Watataka michoro na ukaguzi, pengine faini. Kisipokubalika, kitangaze kama stoo na ukitoe kwenye idadi ya vyumba vya kulala. Ukaguzi huu ulipaswa kufanyika kabla ya kununua, sambamba na kuangalia kama hati ina rehani au zuio, kama mipaka ya ardhini inalingana na ramani, na kama wote wenye haki ya kusaini, wakiwemo mwenza na warithi, wamesaini.

Kuhusu jiko: kila mtaa una dari yake ya bei. Anayeweza kulipia kaunta ya mawe ya thamani atanunua mtaa ambao nyumba zote zina kaunta hizo. Fedha hiyo haitarudi, kwa hiyo iache kwenye hesabu na usiibebeshe bei. Linganisha upya na nyumba zilizouzwa karibuni. Kama wengi walikuja kuangalia bila kutoa ofa, bei imezidi kidogo. Kama hata wa kuangalia hawakuja, imezidi sana au picha ni mbaya. Punguza mara moja kwa kiasi kinachoonekana, kwa kuwa kushuka kidogo kidogo kila wiki humfundisha mnunuzi kusubiri. Zidisha gharama yako ya kila mwezi kwa miezi mingine minne: ikiwa inazidi punguzo unalolikataa, tayari unalilipa, ila unawalipa benki na mlinzi.